Mkono Uliolala Chini ya Mbavu

Mchoro ulirudi Jumatatu asubuhi ndani ya bomba la bati, ukiletwa na dereva wa wizara ambaye hakutaka kukaa. Ndani ya bomba kulikuwa na karatasi nene yenye upana wa sentimita sitini na kikaratasi kilichobanwa kwa pini. Majani ya mche yawe matano badala ya manne. Rasimu zote za awali zirudishwe ziteketezwe, kuzuia kughushiwa. Mchoro uwe mezani kwa katibu wa kamati Alhamisi saa nne, ili ukachongwe. Mchoraji alisoma, akatia saini kwenye daftari la dereva, akafunga mlango. Mke wake alikuwa amezikwa siku kumi na tisa kabla.

Aliutandaza mchoro juu ya meza ya kukatia vitambaa, ndiyo meza pekee iliyoutosha mle ndani, akazikandamiza pembe zake kwa mkasi, pasi na vibiringo viwili vya uzi. Katikati ya duara mwanamke amepiga goti. Mkono wa kulia umeshika mche, tayari kuutia udongoni. Mkono wa kushoto umevuka mwili na kulala chini ya mbavu za kulia. Ulikuwa mchoro wa mwisho kabla ya muhuri mpya wa serikali, ule ambao ungegongwa kwenye kila cheti, kila hati na kila barua yenye uzito kwa miaka isiyojulikana idadi.

Majani yangemchukua dakika kumi. Hakuyagusa. Alikaa akiutazama ule mkono wa kushoto, na kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kuamua kwamba hautachongwa.

Kazini walimwita Milimita, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka thelathini na mmoja alichora ramani kwa kalamu ya wino, mistari ya unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, mingine myembamba kama unywele. Wakati fulani alikataa kutia saini ramani ya wilaya moja kwa sababu kijito kilipita mashariki mwa shule, naye alikuwa na shaka. Mkuu wake alimwambia apitishe tu, maji yakifika shuleni yatauliza mlango. Jumamosi yake ya mapumziko Milimita alipanda baiskeli akaenda kukiangalia kijito kwa macho yake. Kilipita magharibi. Jumatatu aliweka mchoro uliosahihishwa mezani kwa mkuu, na tangu siku hiyo ofisini hakuna aliyebishana naye juu ya kitu alichokiona mwenyewe.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani chini ya dirisha, meza ya kukatia, kabati lenye kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Yeye alikata kwa jicho. Mumewe alipita nyuma akapima kwa rula, na nguo ilipomkaa mteja vizuri kila mmoja alidai ushindi ni wake. Hawakujaliwa watoto, na walikuwa wamekwisha kuacha kulizungumza jambo hilo. Mtu aliyeingia humo bila kubisha hodi alikuwa mmoja tu, mdogo wa mkewe, aliyeuza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kibanda cha mtaa wa pili.

"Dada, mumeo amechelewa leo," angesema.

"Dakika ngapi?"

"Mbili."

"Basi saa yako mbovu. Kaitengeneze."

Kazi ya muhuri ilimfikia kwa mlango wa nyuma. Kamati ilikuwa imeshindanisha wasanii, na wasanii walileta picha nzuri zenye vivuli, mawingu na nyuso zinazong'aa. Mchonga mihuri, mzee mwenye miwani minene ambaye ndiye angekata chuma chenyewe, alizitazama zote akazirudisha.

"Kivuli hakichongeki," alisema. "Mimi kazi yangu ni shimo. Nionyesheni shimo linaanzia wapi na linaishia wapi."

Ndipo mtu mmoja kwenye kamati akakumbuka ofisi ya ramani. Milimita alipewa wazo lililokwisha kupitishwa, mwanamke anayepanda mche, akaambiwa alitie kwenye mistari. Alijibu kwamba hawezi kuchora mtu asiyemwona. Wakamwambia basi amtafute mtu.

Hakwenda mbali.

"Nipande nini?" mkewe aliuliza, akishusha magoti juu ya mto wa kiti.

"Mche."

"Uko wapi?"

"Shika mwiko."

Alikwenda jikoni, akarudi na mwiko, akaupiga mara mbili kwenye kiganja. "Nchi nzima inategemea mwiko wangu. Wasije wakalalamika barua zao zikinuka vitunguu."

Mdogo wake alipoingia na kumkuta amepiga magoti katikati ya chumba, alisimama mlangoni. "Dada, umeadhibiwa?"

"Nimekuwa taifa. Ukipita mbele yangu, nyoosha mgongo."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako hajaniambia neno tangu saa kumi na moja isipokuwa 'kidevu juu'. Angalau taifa lina kidevu."

Walifanya hivyo jioni mbili au tatu kwa wiki, baada ya wateja kuondoka na kabla mwanga wa dirishani haujaisha. Milimita alichora kama alivyozoea kuchora ardhi. Kila rasimu ilikuwa na namba, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na pembeni, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, maelezo ya kilichobadilika tangu rasimu iliyotangulia.

Mwanzoni mkono wa kushoto ulikuwa juu ya goti. Kwenye rasimu ya nne ulianza kuhama.

"Mkono, mama."

Aliurudisha gotini. Baada ya muda mfupi ulikuwa umeondoka tena.

"Mkono."

"Umejiendea wenyewe."

"Urudishe basi. Nikichora goti halina mkono, nikichora mkono hauna goti."

"Ni mgongo wa cherehani tu," alisema. "Chora. Nikichoka nitakwambia."

Hakuwahi kumwambia amechoka. Rasimu ya saba, ya nane, ya kumi, mkono ulipanda, ukavuka mwili, ukarudishwa, ukapanda tena. Katika rasimu ya kumi na moja Milimita alirudi nyuma hatua mbili na kukodoa macho. Tangu mwanzo mchoro ule ulikuwa umemsumbua upande wa kushoto. Ulikuwa wazi, kama uwanja usio na ua. Sasa mkono ulipovuka mwili, umbo zima lilijifunga ndani ya duara.

"Hapo hapo," alisema. "Usiutoe."

"Kweli? Niuache?"

"Uache. Ubonyeze kidogo, kama ulivyofanya sasa hivi."

Mkewe alicheka kidogo, kwa puani. "Leo nimepata kibali."

Pembeni mwa rasimu ya kumi na moja aliandika: *Mkono ubaki.* Rasimu sita zilizofuata zote zilikuwa na mkono ule.

Kamati iliupenda kuliko kitu kingine chochote mchoroni. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alisema ni mkono wa mtu anayekula kiapo. Waliandika maelezo rasmi yatakayochapwa pamoja na muhuri: mche ni kesho, goti ni unyenyekevu mbele ya ardhi, mkono ulio mwilini ni uaminifu. Milimita alileta nakala ya maelezo hayo nyumbani, akamsomea mkewe aliyekuwa amejilaza upande mmoja kwenye kochi, jambo lililokuwa limeanza kuwa la kawaida mchana.

"Uaminifu," mkewe alirudia. "Kumbe."

Alipoanguka pale pale kwenye cherehani, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, zilikuwa zimebaki wiki tano tu za uhai wake. Hospitali ilisema ini, ikasema pia kwamba wamechelewa sana. Daktari, msichana mwenye kalamu tatu mfukoni, alibonyeza chini ya mbavu za kulia, na mgonjwa akaupeleka mkono wake wa kushoto hapo hapo kabla mkono wa daktari haujaondoka.

"Anashika hapa tangu lini?" daktari alimuuliza mume.

"Wiki mbili hivi," alijibu Milimita, mtu ambaye hakuwahi kutoa jibu lenye "hivi" ndani yake.

Msibani mwanamke mmoja, jirani, alitikisa kichwa akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Watu waliitikia. Milimita naye aliitikia, kwa kuwa wakati huo aliamini hivyo: mkewe alificha.

Ile Jumatatu, baada ya dereva kuondoka, alizitoa rasimu kumi na saba kabatini ili azihesabu kabla ya kuzirudisha. Kwa mazoea alizipanga kwa tarehe, akazilaza sakafuni toka dirishani hadi mlangoni, namna walivyokuwa wakipanga ofisini picha za ukingo wa mto mmoja mwaka hadi mwaka, ili kuona umeliwa kiasi gani. Kisha akazisoma.

Rasimu ya nne: *Mkono wa kushoto umeondoka mahali pake. Akumbushwe.* Ya sita: *Bega la kulia limeshuka mm 4. Asahihishwe.* Ya nane: *Mkono tena.* Ya tisa: *Bega mm 7. Shingo imekaza. Apumzike dakika 5.* Ya kumi na moja: *Mkono ubaki.* Ya kumi na nne: *Kiuno kimepungua. Angalia vipimo vya rasimu ya kwanza, huenda nilikosea.*

Alirudia kupima kiuno kwenye rasimu ya kwanza. Hakuwa amekosea.

Kati ya rasimu ya nne na siku ile ya cherehani palikuwa na miezi mitano na siku sita. Yote ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino usiofutika, pamoja na saa.

Shemeji yake alimkuta jioni ameketi sakafuni kati ya karatasi.

"Hakuficha," alimwambia. "Wamesema alificha. Hakuficha, shemeji. Alinionyesha mahali penyewe, tangu rasimu ya nne. Mimi nikamwambia abonyeze."

Shemeji aliinua rasimu moja, akaiangalia, akairudisha mahali ilipokuwa kwa uangalifu. "Hata mimi nilimwona," alisema. "Nikamcheka."

"Wewe hukupima."

Shemeji alikwenda jikoni kuwasha jiko.

Siku ya Jumanne Milimita alichukua wembe mpya. Wino uliokauka kwenye karatasi ile nene haufutiki. Hukwanguliwa, unga kwa unga, wembe ukiwa umelazwa karibu sawa na karatasi, kisha sehemu iliyochubuka husuguliwa kwa ukucha mpaka iwe laini. Aliukwangua mkono kidole kimoja kimoja. Ilimchukua siku mbili. Jumatano alasiri mwanamke wa kwenye duara alikuwa anapanda mche wake wenye majani matano, mkono wa kushoto ukiwa umetulia juu ya goti, mahali ulipotakiwa kuwa tangu siku ya kwanza. Mbavu zilikuwa wazi. Hakuna kilichomuuma.

Alimwita shemeji yake aje aone.

"Sasa amepona," shemeji alisema, na sauti yake haikueleweka kama ni ya kumpongeza au ya kumlaumu.

Alhamisi saa nne kasoro dakika moja alikuwa mbele ya meza ya katibu wa kamati, mtu mpole mwenye tai fupi. Walianza na rasimu. Katibu alizihesabu, kumi na saba, wakatia saini wote wawili, na mhudumu akazibeba kwenda uani, ambako kulikuwa na pipa la kuchomea karatasi za siri. Dirisha lilikuwa wazi. Moshi ulikuwa umeshaanza kupita dirishani katibu alipoukunjua mchoro.

Aliyahesabu majani kwa ncha ya kalamu. Akaridhika. Kisha kalamu ikasimama.

"Mzee, mkono uko wapi?"

"Gotini."

"Naona uko gotini. Ule wa uaminifu."

"Nimeuondoa."

"Huwezi kuuondoa. Umepitishwa. Maelezo yamekwenda kuchapwa." Katibu alivua miwani. "Kuna kosa gani?"

Milimita alisema kwa sauti ile ile aliyozoea kuelezea kijito kilichochorwa upande usio wake. "Yule ni mke wangu. Alikuwa mgonjwa. Pale ndipo palipokuwa panamuuma. Hakuwa anakula kiapo."

Katibu aliiweka miwani mezani. Alikuwa amekwenda msibani. Alikuwa ameshika mkono wa mtu huyu na kumwambia pole.

"Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wake."

"Basi itabaki kuwa uaminifu, mzee wangu." Aliukunja mchoro taratibu, akaurudisha ndani ya bomba. "Siwezi kuirudisha kamati nzima mezani. Nakupa mpaka kesho saa nne. Ungekuwa na rasimu moja ungenakili tu dakika tano..." Hapo akakumbuka, akageukia dirishani. Mhudumu alikuwa akichokoa majivu kwa fimbo.

Kwa hiyo alirudi nyumbani kuuchora mkono ambao hakuwa na pa kuutazama. Alijaribu kwa kumbukumbu. Alikuwa ameishi na mkono ule miaka ishirini na sita, alijua kidole cha kati kilivyokuwa na ngozi ngumu kwa kusukuma sindano, alijua kucha zilivyokatwa fupi zisikwaruze hariri. Lakini kila alichochora kilikuwa mkono tu, umewekwa pale. Haukubonyeza. Alikuwa mtu asiyeweza kuchora asichokiona, na hilo aliwaambia tangu mwanzo.

Saa tisa alasiri aliusogeza ule mto wa kiti mbele ya kabati lenye kioo, akashusha magoti juu yake. Aliweka ubao wa kuchorea juu ya kigoda upande wa kulia. Akavusha mkono wake wa kushoto mbele ya mwili, akautia chini ya mbavu za kulia, akabonyeza.

Kwanza alibonyeza juu sana, akashuka kidogo. Mahali pale alipajua: aliwahi kupapima kutoka begani, kutoka kwenye kiuno, na kutoka kwenye ncha ya kiwiko, mara saba. Baada ya dakika kumi magoti yalianza kuwaka moto. Baada ya ishirini, bega lake la kulia lilishuka, naye akaliona kiooni likishuka, akaliacha. Mkewe alikuwa akikaa hivyo dakika arobaini. Alikaa arobaini.

Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo aliunakili mkono kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, akaigeuza, na kutoka hapo akauhamishia mchoroni kwa wino, juu ya ngozi ile ya karatasi aliyoichubua mwenyewe. Wino ulitaka kusambaa kidogo. Aliuzuia.

Asubuhi shemeji yake alipita akienda kufungua kibanda. Mchoro ulikuwa mezani ukisubiri kukunjwa. Aliinama, akautazama, akainama zaidi.

"Huu si mkono wa dada."

"Si wake."

"Vifundo vinene. Na hiki nini?" Aliweka kidole karibu na mstari mfupi kwenye kidole cha shahada.

"Kovu la wembe. Mkono wa kushoto ndio unaoshika rula."

Shemeji alimtazama, akautazama mkono wake uliokuwa juu ya meza, kisha akarudi kwenye karatasi, ambako mkono ule ule ulikuwa umelala chini ya mbavu za dada yake, umebonyeza.

"Umechelewa, shemeji," alisema.

"Najua."

"Miezi mitano."

"Na siku sita."

Alimsaidia kuukunja. Yeye alishika upande mmoja, shemeji upande mwingine, wakauviringisha bila kuacha mkunjo, wakautia ndani ya bomba. Saa nne kasoro dakika moja ulikuwa mezani kwa katibu. Mchonga mihuri aliupitia siku hiyo hiyo akasema hana swali: kila shimo lilionekana linapoanzia na linapoishia.

Milimita alistaafu mwaka uliofuata. Barua ya kustaafu ilimfikia ikiwa na ule muhuri mpya chini ya saini, bila wino, umegandamizwa tu kwenye karatasi hivi kwamba ni lazima uiinamishe mbele ya mwanga ili kuuona. Shemeji yake, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumpungua kwa kutafuta matundu ya vifungo, aliigeuza barua huku na huku dirishani.

"Mimi sioni kitu. Uko wapi?"

Alichukua penseli, akamwonyesha kwa ncha yake bila kugusa karatasi. Mkono wote, toka kifundo hadi kucha, ulikuwa na urefu wa milimita tano.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo palipokuwa panamuuma."